Sita Toa Sita

Kibanda cha kupimia mto, juu ya At-Bashy,
kina dirisha moja, jiko la kuni na samadi kavu,
na kompyuta isiyoruhusiwa kukesha.
Umeme ni wa jua, na jua la Aprili huku
ni mgeni mwenye haraka,
hamalizi hata kikombe.
Basi mashine hulala. Huamka, hupima kina,
hutuma tarakimu tatu mjini Naryn,
hulala tena.

Perizat ana mwezi wa pili kazini.
Buti zinampwaya. Daftari karithi kwa mzee Asanbek
aliyestaafishwa na magoti.

Skrini nyeusi. Kishale kinapepesa
kama mtu anayesubiri umalize sentensi.
Hakuna picha ya kubofya, hakuna tafadhali.
Mstari mmoja tu: amri, nafasi, kistari, saa.
Zima vyote. Acha kimoja macho.

Hicho kimoja ni kijisaa kwenye ubao mama
kinyonyacho betri ya ukubwa wa sarafu.
Feni imenyamaza, diski imepoa,
kumbukumbu imemwagwa kama maji ya beseni,
chenyewe kinahesabu.
Hakijui mto. Hakijui kupima.
Kinajua kumwamsha ajuaye.

Jumanne akaandika: sita kamili,
maana mto hujaa alfajiri,
theluji iliyoyeyuka jana mchana huko juu
ikitembea usiku kucha kushuka.
Akabonyeza. Giza.
Akafunga mlango kwa waya, akaenda zake.

Jumatano maji yakapanda kabla chai haijachemka,
yakachukua daraja la mbao
na kondoo wawili wa Kubanych,
mmoja ana mimba.
Naryn, ofisini, Bermet aliyekuwa zamu
alitazama mstari mtupu
akadhani mto umetulia.
Mashine iliamka adhuhuri.
Ikapima maji yaliyobaki,
ikatuma, kwa utiifu wote, habari njema.

"Imeharibika," Perizat akasema kwenye simu.
"Nimeiambia sita, imeamka mchana!"
Mzee akacheka, akakohoa, akacheka.
"Nzima hiyo. Inaishi Griniwichi.
Hakuna aliyeiambia kwamba jua
hutufikia sisi kwanza.
Toa sita, mwanangu. Lolote utakalo, toa sita."

Na wewe usomaye lugha hii
ulikwisha kushtuka zamani:
tangu lini sita ikawa alfajiri?
Sita ni jua la utosi, ni kivuli chini ya nyayo.
Laiti ungekuwapo kibandani
ungemshika mkono kabla hajabonyeza.
Mashine ile, mbali na kila pwani uijuayo,
ilikuwa ikihesabu saa
kama bibi yako.

Lakini hukuwapo.
Alikwenda peke yake kwa Kubanych,
na kilo mbili za sukari ndani ya mfuko wa plastiki,
akasema: kosa ni langu, si la mashine.
Kubanych alipokea sukari. Hakumkaribisha ndani.

Usiku ule akarudi kwenye mstari.
Sita toa sita.
Akaandika sufuri mbili, nukta pacha, sufuri mbili,
akaona haya kidogo, kama mtu aliyeagiza chakula
akaletewa sahani tupu.
Akabonyeza. Hakushuka kijijini.
Alijifunga blanketi akakaa kwenye ndoo
kuilinda mashine isiyojua kama inalindwa.

Usingizi ulimwiba mara tatu.
Mara ya nne, tiki.
Kitu kikavuta pumzi gizani, feni ikajikuna,
taa ya kijani ikamulika kidole gumba chake.
Nje, mto ulikuwa ukisaga mawe.

Mita moja, nukta nne, sita.

Kutoka Naryn, Bermet akajibu kwa neno moja:
Nimeona.
Na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano
Perizat akavua buti.